Klabu ya Manati na Mwanamke wa Kutoka Imbo

Klabu yetu ya manati ilianzishwa na ngedere. Wageni wenye magari meupe walipokuja kuuliza nani mwanzilishi, mama presidente wetu, mwenyekiti wa klabu, alikuwa anajibu kwamba ni kamati. Kamati gani? Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu ya Kusini mwishoni mwa miaka ya tisini, tukaonyeshwa vipande vya mashamba karibu na ziwa, tukapanda mahindi na maharage. Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, ngedere wakashuka kutoka vichakani kama watu walioalikwa harusi. Msimu wangu wa kwanza nilivuna magunzi.

Wanaume wetu walikuwa wanatafuta vibarua. Mmoja anachunga ng'ombe wa watu huko Masha, mwingine anabeba mizigo Mbarara, mume wangu anafyatua matofali popote anapoitwa. Mashamba yalibaki kwetu sisi wanawake. Na kati ya wanawake wote wa mtaa wetu, mwenye manati alikuwa mmoja tu, mimi. Nililelewa na kaka wengi, nikajifunza mambo yao kabla sijajifunza kusuka nywele. Nilikata mti wa panda, nikafunga mpira wa tyubu ya baiskeli, katikati nikaweka kipande cha ngozi ya kiatu kilichokufa. Ngedere wa kwanza niliyempiga matakoni alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Basi wakaanza kuja. “Mama, nifundishe na mimi.” “Mama, yangu inarudi nyuma inanipiga vidole.” Niliwafundisha. Hakuna aliyenilipa na sikudai. Tukagawana zamu za kulinda, kila mtu analinda mashamba ya wote siku yake, na Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunashuka fasi ya chini, mahali pa wazi karibu na ziwa, tunapanga makopo ya mafuta ya msaada juu ya gogo na kufanya mazoezi. Ndiyo hiyo klabu. Ilikuwa vicheko, watoto mgongoni, na makopo yanayolia kwaa.

Mwanzo tulikuwa tunatumia mawe. Tukaacha siku jiwe la mmoja wetu lilipompiga ng'ombe wa jirani, Mnyankole mwenye pembe hizi ndefu, namaanisha ng'ombe, si jirani. Mawee! Tulikaa siku nzima tukiomba msamaha kwa lugha tatu. Tangu hapo ikawa sheria, risasi ni za udongo. Jumamosi tulikuwa tunachota udongo wa kichuguu, tunaukanda, tunafinyanga vidonge na kuvianika juu ya mabati. Na kila mtu alikuwa anamwaga vyake ndani ya beseni moja, vinachanganywa, ili asiwepo mtu wa kusema nimeshinda kwa sababu ya vidonge vyangu au nimeshindwa kwa sababu ya vyako. Anayekufuata kwenye foleni ndiye anakushikia bakuli wakati unapiga. Desturi hiyo niliileta mimi. Wengine leo wanasema ilikuwepo tu. Haikuwepo tu, niliileta.

Kuna wakati habari zilifika polisi kwamba wakimbizi wana klabu ya kulenga shabaha. Afande akaja na wenzake, uso umekunjwa. “Nyinyi wamama nafanya nini hapa? Bunduki iko wapi?” Mama presidente, ambaye ni mke wa mchungaji na haogopi mtu, akamwekea manati mkononi. “Bunduki yetu ni hii, afande. Piga ile kopo, tuone.” Akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Wenzake wakacheka kuliko sisi. Nikaichukua, nikalipiga kopo likaruka, naye akanipigia saluti. Saluti ile niliila mwezi mzima.

Tangu siku hiyo jina langu likawa Mwalimu. Mama presidente akaitangaza kama sheria, kwamba anayeongoza siku ya mashindano makubwa ndiye mwalimu, anawafundisha wasichana, anasimama mbele, na maneno yake yanasikilizwa mpaka mashindano mengine. Miaka ikapita, mashindano yakapita, mwalimu ni mimi. Huko nyumbani nilikuwa mke wa fulani. Kwenye foleni ya chakula nilikuwa mtu wa kusukumwa. Jumapili mchana nilikuwa Mwalimu, hata wazee wanavua kofia. Kama hujawahi kupoteza kila kitu huwezi kujua utamu wa jina kama hilo.

Halafu akaja yule mwanamke.

Alikuwa Mrundi, mjane, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na alipewa kiwanja mlango kwa mlango na mimi. Jumapili yake ya kwanza alisimama pembeni, mikono nyuma. Mama presidente akamwambia ajaribu. Akachukua manati kwa mkono wa kulia, akavuta kwa wa kushoto, mambo kinyume, nikajisemea huyu atajitoboa jicho. Kwaa. Akachukua kidonge kingine. Kwaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamuuliza amejifunza wapi, akasema, “Imbo, dada, bondeni kwetu Burundi. Tangu nina meno ya utoto nilikuwa nafukuza ndege kwenye mpunga wa watu.”

Nilimwonea wivu. Niseme wazi, kwa nini nizungukezunguke? Kijiba cha roho kilinikaa hapa, chini ya koo, kikakataa kushuka. Akipiga akapata, donge. Akipiga akakosa, nafurahi, halafu anacheka mwenyewe kwa kukosa kwake, furaha yangu inaharibika. Nilikuwa namhesabia makopo kimyakimya huku nikijifanya nafunga nguo ya mtoto. Wasichana wakaanza kuvuta kwa mkono wa kushoto kama yeye. Wasichana wangu! Nikawaambia, “Mukono wa kushoto ni wa kupangusia makamasi.” Wakacheka, lakini nilipogeuka wakarudia.

Jioni moja mume wangu naye, Mungu amsamehe, akasema mbele ya sahani yangu, “Yule mama wa Burundi ana mkono, we!” Nikaacha mboga jikoni. Alikula ugali na chumvi, na mpaka leo anadhani maharage yaliisha.

Na ubaya wenyewe ni kwamba hakuwa na ubaya. Ningempata wapi? Alikuwa ananiita dada. Akipika mihogo ananiletea. Mtoto wangu alipoumwa malaria alimbeba mgongoni hadi zahanati wakati mimi niko shambani. Mtu akikutendea mema na roho yako inamchukia, unachoka mara mbili. Nilikuwa nampa asante nusu.

Sasa kulikuwa na mfanyabiashara wa Mbarara, Mwislamu mmoja mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, aliyekuwa anakuja na lori kununua mahindi yetu. Sisi wote tulimwita Haji. Siku moja alikuta tunapiga makopo, akasimama, akaweka mikono kiunoni. “Wamama, mimi iko na vijana pale Nyamitanga, kazi yao kufukuza ndege kwa mahindi yangu. Hakuna mtu naweza shinda wao. Nyinyi kuja, tuone.” Akasema tukiwashinda atatupa katoni ya tyubu za baiskeli. Tyubu! Sisi ambao mpira ukikatika tunaunga na uzi! Mama presidente akakubali palepale, kisha akatugeukia. “Batu ya Mbarara basitucheke. Na muelewe, hii ndio mashindano makubwa ya mwaka huu. Atakayeongoza kule ndiye mwalimu.”

Hakuniangalia aliposema hivyo. Wengine wote waliniangalia, kisha wakamwangalia yule jirani yangu. Yeye alikuwa anamchana mtoto nywele.

Kuanzia siku ile sikulala vizuri na sikula vizuri. Nilikuwa nafanya mazoezi peke yangu kule ziwani mchana, wengine wakipumzika. Niliomba Mungu, sitasema niliomba nini. Nilijua nikishindwa Mbarara, Jumapili inayofuata nitasimama kwenye foleni na wengine, na watu wataniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama kila mama mwingine.

Tulipanda lori la Haji juu ya magunia, tukiimba nyimbo za kanisa, beseni la vidonge limefunikwa kitenge. Tulivuka mto Rwizi, tukaingia kwenye uwanja wake kule Nyamitanga, uwanja wa kuanikia mahindi, ukuta mrefu pande zote nne. Vijana wake walikuwa wamekwisha panga makopo. Mke wa Haji alitutolea chai ya maziwa na mandazi, akatukaribisha kwa heshima. Vijana wakapiga, wakapata zaidi ya walivyokosa.

Ikafika zamu yetu. Kila mtu alipewa vidonge vitatu. Wa kwanza wetu akapiga, akakosa kushoto. Wa pili, kushoto. Wa tatu, kushoto vilevile, kidonge kimepita kiganja kimoja pembeni ya kopo na kupasuka ukutani. Vijana wakaanza kucheka. “Wamama wa Nakivale naua ukuta!” Mama presidente alipiga vyake vitatu vyote kushoto, akarudi anaangalia manati yake kama imemtukana. Hakuna aliyeelewa. Mimi nilidhani ni woga. Nikajisemea nitawaonyesha, hapa ndipo Mwalimu anajulikana.

Nikasimama. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa yeye, kwa hiyo yeye ndiye alinishikia bakuli. Nikavuta, nikaachia. Kushoto. Nikavuta tena, taratibu, pumzi nimeishika kama ninavyowafundisha wasichana. Kushoto. Uwanja wote ukacheka, hata mke wa Haji alificha mdomo kwa ushungi. Nikanyoosha mkono kwenye bakuli kuchukua kidonge cha mwisho na macho yangu hayaoni vizuri.

Akaniambia polepole, midomo haichezi, “Dada, hapa hakuna upepo.”

Nikabaki nimeshika kidonge. Kwetu mchana upepo wa ziwani unavuma kutoka kushoto bila kukosa, na sisi hatujawahi kupiga mahali pengine. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wote, miaka yote ile, usilenge kopo, lenga upande wa ziwa. Mkono umezoea hata hauulizi. Tulikuwa tumebeba upepo wetu mpaka Nyamitanga, ndani ya kuta nne ambazo hata jani halitikisiki.

Nililenga kopo lenyewe. Mkono ulikataa, nikaulazimisha. Kwaa.

Wenzangu wakapiga kelele. Nikampokea bakuli, nikamshikia mimi, ingawa haikuwa zamu yangu. Akapiga vitatu, akapata vitatu, kwa ule mkono wake wa kushoto, bila haraka, kama anaokota yai. Kisha akawageukia wanawake waliobaki, akawaambia na wao, kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba hapa hakuna upepo. Wakaanza kupata. Tuliwashinda vijana wa Haji kwa kopo moja tu, na katoni ya tyubu ikapakiwa kwenye lori.

Njia nzima ya kurudi waliimba. Tulipopita Masha sikuweza tena kujizuia. Jirani yangu alikuwa amekaa kando yangu juu ya katoni. Nikamuuliza, “Kwa nini uliniambia? Ungenyamaza ningekosa vyote.”

Akaniangalia kama nimesema Kichina. “Ninyamaze kwa nini, dada? Ulikuwa unakosa.”

“Lakini tulikuwa tunashindana.”

“Si na wale vijana?” akauliza.

Ningependa anitukane. Ningependa aseme nilikuhurumia, au nilitaka watu waone, nikapata pa kushikia. Miezi yote ile nilikuwa nampigia hesabu, nakonda, namnyima mume wangu mboga, na mwenzangu hakujua hata kama kuna mchezo.

Jumapili iliyofuata tulishuka fasi yetu ya chini kama kawaida. Mama presidente akasali, akashukuru Mungu kwa tyubu, kisha akamwita jirani yangu asimame mbele. Sheria ni sheria. Mimi nilikuwa nimekwisha jipanga kwenye foleni, katikati, nimeweka uso wa mtu asiyejali. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi uso huo wiki nzima.

Akasimama mbele, akacheka kwa aibu, akasema, “Mimi? Mimi kufundisha watoto siwezi, sina uvumilivu huo. Mwalimu si yupo? Aendelee.” Akarudi kwenye foleni, akanipisha njia. Wakapiga makofi wote. Wasichana wakanisukuma mbele, “Mwalimu! Mwalimu!” na mama presidente akasema haleluya, tumemaliza, tuanze.

Kitu kilichonikosesha usingizi, nilichokiombea maombi mabaya, alikitoa mkononi mwake bila hata kukitazama, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Na sikuweza kukikataa. Nilikitaka bado. Nilitembea mpaka mbele, nikageuka, nikamwona pale kwenye foleni anatafuta kidonge kizuri ndani ya beseni, ameshanisahau.

Nikawaambia wasichana wanyooshe mikono. Wakanyoosha, karibu nusu yao wakivuta kwa kushoto, na sikuwakataza.