Mlenda wa Korongoni

Juzi, huku Zuzu, niliwaona watoto wakioga kwenye dimbwi lililotandwa na ukijani. Niliwafokea watoke hata kabla hawajaniamkia.

Baada ya wazazi wetu kufariki niliacha shule nimlee mdogo wangu Yohana, aliyekuwa na miaka minne. Mchana mmoja nilikuwa nafua korongoni. Maji yalinuka uozo, lakini utando wa kijani uliokuwa juu yake ulivutika kama mlenda, nikadhani ni mboga ya majini tu. Leo najua maji ya namna ile hata kunawa hayafai. Yohana akauchota kwa kipande cha kibuyu.

"Dada, karibu mlenda!"

"Mpishi gani hajanawa?" nikamtania.

Akacheka, akalamba.

Ng'ambo ya korongo, mbwa aliyekuwa amekunywa maji yale akaanguka, miguu ikimtetemeka, kisha akatulia kabisa. Mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akapiga kelele, "We binti, mtoe mtoto! Hayo yanaua!"

Nilimbeba mgongoni nikakimbilia zahanati, matapishi yakinichuruzika shingoni. Alipotapika niliogopa. Aliponyamaza niliogopa zaidi, nikawa namfinya paja ili alie.

Alipona. Alama za vidole vyangu zilikaa pajani mwake siku nyingi.