Sakafu ya Dachesi

Ukwato unaooza una harufu yake, harufu ya matope yaliyokaa sana, yenye kitu cha nyama ndani yake. Hunijia hata leo nikipita karibu na mtaro ulioziba, na papo hapo ninakuwa tena msichana wa darasa la tano, kwetu Kibomet, pembeni mwa Kitale, nimeshika mguu wa farasi huku mvua ikinichapa mgongoni.

Ndiyo, farasi. Msicheke. Baba alikuwa ametunza farasi wa wenyewe kwa miaka mingi kwenye shamba moja nje ya Kitale. Shamba lile lilipokatwakatwa na kuuzwa, mwenye shamba alimwachia jike mzee aliyeitwa Dachesi. Viatu vyake vya chuma vililegea vikang'olewa, na kwa kuwa hatukuwa na mtu wa kumpigilia vingine, akawa anatembea peku kama sisi watoto. Aliyempenda kuliko wote ni kaka yangu Wanjala. Alimsuka nywele za shingo na kumwita mchumba wake.

Mwaka ule, mvua ikiwa imekolea, Wanjala aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda karibu na Moi's Bridge. Tulimzika Bungoma, nyumbani kwa babu. Matanga yalipokwisha tukarudi Kitale, tukamkuta Dachesi palepale tulipomwacha, matope yamepita kwato. Jirani alikuwa akimrushia nyasi tu. Alishindwa hata kuinua mguu.

Daktari wa mifugo alikwangua ukwato, akanusa kisu, akakunja uso.

"Mzee, hii dawa haitasaidia akiendelea kusimama kwa maji. Mtafutie mahali pagumu, pakavu. Ama nitarudi na ile sindano ya kumpumzisha."

Baba alichukua jembe. Alichimbua udongo mweusi wa ua mpaka akafika ardhi ngumu. Tukapanga mawe makubwa chini, juu yake kokoto, kisha changarawe nyekundu ile ya barabarani, tukaishindilia kwa gogo. Mwisho tukamwaga mchanga wa mtoni, ili nyayo zisizo na viatu zisichubuke. Mimi nilibeba kwa karai kila nikitoka shule. Baba hakuniambia pole wala asante.

Baba mdogo alikuja kutoka Bungoma akatukuta tukishindilia.

"Ati unajengea farasi sakafu, na kaburi ya mtoto iko udongo tu? Watu watasema nini, bana?"

Baba aliendelea kushindilia. Mama ndiye aliyejibu, akiwa mlangoni.

"Wanjala amelala, shemeji. Huyu bado anasimama."

Baba mdogo aliondoka bila kunywa chai.

Nilidhani basi Mama yuko upande wa Baba. Lakini Baba alipomaliza, kesho yake Mama alileta ndoo ya maji, akaimwaga katikati.

"Baba Wanjala, maji yamesimama hapa. Hakuna mteremko."

Baba akafumua upande mzima. Alipomaliza, akaambiwa mtaro wa kutolea maji ni mwembamba. Alipoupanua, Mama akasema mawe ya kona yanacheza. Viganja vyake vilipasuka, mpini wa jembe ukawa na damu. Nilimchukia Mama kwa chuki ya kitoto isiyo na mpaka.

Hatimaye tulimvuta Dachesi kutoka kwenye matope. Alipanda polepole, akanusa mchanga, akasimama. Baba aliketi kwenye ukingo wa mawe akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akiliita jina la Wanjala. Mama aliketi kando yake, mvua ikiwanyeshea. Tangu siku hiyo hakuona kosa lingine kwenye sakafu ile.

Dachesi alipona, ingawa alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Baba alimtangulia Mama kufa, kwa ugonjwa, akiwa mzee. Baada ya kumzika ndipo nilipomuuliza Mama kwa nini alimtesa vile.

"Maji hayakuwa yanasimama," alisema. "Nilikuwa namwaga mengi makusudi. Siku ya kwanza alipomaliza kazi, alikaa akaangalia ule mti wa nyuma ya choo mpaka giza likaingia, na kamba ya farasi iko mkononi. Sikutaka amalize tena."

Nami nilikuwa nikibeba karai nikinung'unika, nisijue kwamba tulikuwa tumemshikilia mtu.