Kwetu tulinunua ndala za kuanikia nguo badala ya kutengeneza umeme

Wakuu wa humu, na walionizidi umri wote, shikamooni.

Nipo humu mwaka wa pili nasoma tu, sijawahi kuanzisha uzi. Hata darasani nikijua jibu sinyooshi mkono. Ila hili limenikaba. Nimelitoa kwenye daftari langu la kila siku, sijaongeza chumvi. Nina hasira, mnivumilie.

Tunakaa Buhongwa, nyumba ya kupanga, familia nne kwenye ua mmoja. Mimi ni binti, niko form three.

Uani kuna waya wa kuanikia nguo. Upande mmoja umefungwa kwenye mwarobaini, upande wa pili kwenye msumari uliopigiliwa kwenye bati la nyumba.

Huo waya ulikuwa unapiga shoti.

Si kila siku. Mvua ikinyesha, ardhi ikiloa, ndio unang'ata.

Sasa sikieni tulichofanya, tena watu wazima na akili zao. Jirani yetu Mama Neema alinunua ndala nene za mpira, akaziweka juu ya tofali karibu na bomba. Zikawa ndala za wote. Ukitaka kuanika unavaa, ukimaliza unarudisha.

Basi. Ndio matengenezo yetu hayo.

Mpangaji mpya akirushwa akapiga yowe, watu wanacheka mpaka wanakaa chini. "Karibu Buhongwa, umeshasajiliwa!"

Mwenye nyumba aliambiwa mara nyingi. Jibu lake moja tu: "Huo ni umeme wa kutekenya, hauui mtu."

Na mimi sijitoi. Mwalimu wa fizikia alitufundisha vizuri tu kwamba ukigusa chuma chenye umeme umesimama kwenye maji, mwili wako ndio unakuwa njia. Nilichora mchoro kwa rangi, nikapata vema. Nikarudi nyumbani, nikavaa ndala, nikaanika.

Mwezi uliopita Bibi, mama yake mama yangu, alikuja kutoka Majita kutusalimia. Bibi ni mtu wa ziwani, maisha yake yote anaparua samaki na kuanika dagaa. Hajui kukaa bure.

Jumamosi asubuhi, mvua imetoka kukatika, mimi nasuuza mashuka. Bibi akanyanyua beseni.

"Lete nianike, mjukuu wangu. Wewe unasuuza kama unabembeleza mtoto."

Yuko peku. Nikatazama kwenye tofali, ndala hakuna. Mama Neema alikuwa amezivaa kaenda nazo chooni.

Nikasema, "Bibi, subiri kidogo."

Wakuu, nilisema kwa hii sauti yangu ambayo hata mimi mwenyewe siisikii vizuri. Bibi hakugeuka. Akatupa shuka juu ya waya, akaushika waya ili alivute.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Alikakamaa tu, mkono umeng'ang'ania waya, mdomo wazi, anatoa sauti kama mtu anayekoroma.

Mama akatoka ndani mbio kwenda kumkumbatia.

Hapo sauti ikanitoka. Sijui ilikuwa imejificha wapi miaka yote. "MAMA USIMGUSE! UTABAKI NAYE!"

Mama akasimama. Mama Neema akatoka chooni, akakimbilia mein swichi, iko sebuleni kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba kafunga mlango kaondoka.

Mimi nikaingia jikoni, nikachukua mchi wa kinu, mkavu kabisa, nikapanda juu ya ndoo ya plastiki niliyoipindua, nikaupiga ule waya pale kwenye msumari. Mara ya tatu msumari ukang'oka. Bibi akaanguka kwenye tope pamoja na mashuka.

(Msije mkaiga. Nilibahatika tu. Ningeteleza mngekuwa mnasoma habari nyingine.)

Alikuwa anapumua. Tukampeleka hospitali kwa bajaji. Kiganja kimeungua mpaka nyama ya ndani, vidole viwili mpaka leo havikunjiki.

Sasa sababu ya hasira yangu.

Tuliporudi kutoka hospitali, mwenye nyumba naye akarudi, akatazama uani, akauliza: "Nani kang'oa msumari wangu?"

Na mpangaji mwingine, mbele ya mama yangu analia: "Na yeye bibi naye, kwa nini hakuvaa ndala?"

Yaani kosa la Bibi!

Mama akapiga simu, mafundi wa umeme wakaja mchana uleule. Waya unaotoka nguzoni ulikuwa umelalia ukingo wa bati, upepo umeusugua mpaka ganda limeisha. Bati lote lilikuwa na umeme. Fundi akasema hata mein swichi tungeizima isingesaidia, kwa sababu kasoro iko kabla ya mita. Wakaukata umeme nguzoni, wakabadilisha waya, wakaunyanyua. Maharage niliyoinjika wakati wanaanza yalikuwa hayajaiva walipomaliza.

Miaka mitatu ya kurushwa. Simu moja.

Jioni nilikwenda hospitali kumlisha Bibi uji. Akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, mlikuwa mnajua?"

Nilitamani kusema hapana.

"Ndiyo Bibi. Wote tulikuwa tunajua."

Uji uliobaki hakuumaliza.

Nilichojifunza: shoti ndogo haipo. Bati likikutekenya, bomba likikutekenya, friji likikutekenya, usiguse tena, zuia watu, ita fundi siku hiyohiyo. Na mgeni akija mwambie kabla hajavua viatu, mwambie kwa nguvu hata kama atakuona huna adabu.

Wakuu, kwenu kuna kitu gani kinarusha watu na mmeshakizoea? Semeni hapa, hata mkinitukana sawa. Ila kwanza mwambieni aliyeko nyumbani sasa hivi.