Siku Dhahabu Ilipogeuka Nyekundu

Naikumbuka asubuhi moja pale Bugarama, mwanangu, na hata leo nikiisimulia moyo unanienda mbio kama wa msichana.

Nilikuwa mwalimu mpya wa kemia. Kati ya wanafunzi wangu alikuwamo Kabula, binti mwepesi wa kuelewa. Baba yake, Masanja, alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, na alikuwa ameshaamua: muhula ukiisha Kabula aache shule, akauze chakula machimboni. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kabla hajamchukua aje aone binti yake anafanya nini.

Siku hiyo tulikuwa tunasubiri chumvi ya dhahabu. Ndiyo, chumvi, ila si ya kutia kwenye mboga! Wataalamu huigeuza dhahabu ikawa fuwele za manjano zinazoyeyuka majini. Kwetu haikupatikana dukani. Mwalimu Idi, aliyenifundisha chuoni na sasa amestaafu kwake Ngokolo, aliiagiza kwa muuzaji anayemfahamu, kisha akakataa kumkabidhi kondakta. Aliileta mwenyewe, akabadili basi Tinde, kopo amelipakata kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, Mwalimu!" nilimkimbilia.

"Marahaba. Usinikumbatie, utaibana."

Ndani ya kopo mlikuwa na sponji, na ndani ya sponji kichupa cheusi, kwa sababu chumvi ile haipendi mwanga, na ikiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa ikalowa. Kisha akatuonyesha kidole gumba chake. Kilikuwa na doa la zambarau.

"Jana nilikuwa naipima, glovu ikatoboka," alisema. "Doa hili ni dhahabu, imejigeuza chembe kwenye ngozi yangu. Ngozi itabadilika, doa litatoka. Ingekuwa jichoni je?"

Kila mtu darasani akavaa miwani yake ya kinga vizuri.

Masanja akaingia na mabuti yenye vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. "Mwangaluka," alisalimu, akasimama ukutani na mikono kifuani.

Kabula aliichota chumvi kwa kijiko cha plastiki, maana cha chuma kingeiharibu. Akaitia kwenye maji yanayochemka, yakawa manjano hafifu. Kisha akamimina chumvi nyingine, ile itokanayo na asidi ya ndimu. Manjano yakafifia, yakapotea kabisa.

"Mmeipoteza," Masanja alisema.

"Subiri, baba."

Maji yakaanza kuwa na weusi kama wino. Yakaenda kwenye zambarau. Halafu, mwanangu, yakawa mekundu! Mekundu kama juisi ya choya, yanang'aa! Watoto walipiga kelele, na mimi mwalimu wao niliruka juu hadi mkuu wa shule akaja mbio akidhani kuna moto.

Masanja alisogea. "Hii ni dhahabu?"

"Ni ileile, baba," Kabula alimjibu. "Imekuwa chembe nano. Unywele mmoja upasuliwe mara maelfu ndipo ufikie udogo wake. Ikiwa ndogo hivyo, rangi inabadilika."

"Ina kazi gani?"

"Mdogo wangu Doto alipougua malaria, unakumbuka ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha zahanati? Vipimo vingi vya namna ile, wekundu wake ni chembe za dhahabu kama hizi."

Maji yalipopoa, Masanja aliinua chombo, akakipeleka mdomoni. "Kama inajua ugonjwa, basi niinywe."

Mwalimu Idi alimdaka mkono. "Baba Kabula, weka chini! Kwenye kipimo inakaa kwenye karatasi, na damu ndiyo inayoifuata. Tumboni mwako hakuna aliyepima itafika wapi. Kitu kidogo namna hii kinaweza kupenya pasipopenya mchanga."

Kisha akatugeukia sote. "Furahini, lakini furaha isiwatangulie."

Masanja alikiweka chombo chini taratibu. Akamgeukia binti yake.

"Mimi nimeifukuza dhahabu maisha yangu yote," alisema, "na haijawahi kunifanyia hivi. Kabula, muhula ujao utavaa sare."

Leo Kabula yuko maabara ya hospitali, na vifaa vinavyoingia pale hukaguliwa naye.

Basi, mwanangu, sikukatazi kushangaa. Shangaa mpaka uruke! Lakini usikubali kichupa kisicho na lebo, wala muuzaji asiyeweza kukueleza alichokuuzia. Poda kavu ya chembe hizi usiifungue penye upepo ukaivuta puani, na masalia usiyamwage mtaroni, kwa maana majirani wanakunywa maji. Anayekuambia unywe kwa sababu inang'aa, muulize nani aliipima.

Mungu akuzidishie hamu ya kujua, ayalinde macho yako na pumzi yako, na siku utakapogundua jambo lako, wazazi wako wawepo kuliona.