Mlango wa Wifi Yangu

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Mume wangu, Ndosi, alikuwa nyuma ya nyumba akipima ardhi kwa fimbo ya kuchungia, na ndani hapakuwa na mahali pa kuweka hata kibuyu.

Ilikuwa enzi za Wajerumani. Tuliishi huku mlimani, juu ya Tengeru, katika nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa majani makavu ya migomba: mama mkwe, Ndosi, mimi na mimba yangu ya kwanza, ng'ombe na ndama wake, na mbuzi. Usicheke. Baridi ya mwezi wa saba ikishuka kutoka Meru, utamshukuru ng'ombe aliyelala karibu nawe.

Kisha wifi yangu, dada yake Ndosi, alifiwa na mumewe kule Usa, chini ya mlima, akarudi kwao na watoto wake. Tukabanana. Usiku mtu mmoja akigeuka, wote tunageuka.

Ndosi aliwahi kubeba mawe kwenye ujenzi wa boma la Wajerumani mjini, akarudi na mapenzi makubwa ya kuta zilizonyooka. Akaamua kuongeza chumba cha pembe nne kwenye nyumba yetu ya mviringo. Asubuhi hiyo akawa anachomeka vijiti, anavitazama, anaving'oa, anachomeka tena.

Nikamwambia, "Sogeza kidogo, hapo padogo."

"Nikisogeza nitaikata migomba ya mama," akajibu, jasho likimtoka. "Kabla hawajaja tulikuwa tunatosha."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu. Lakini wifi alikuwa upande wa pili wa ukuta akimenya ndizi, na alisikia. Aliweka kisu chini, akamfunga mtoto wake mdogo mgongoni, akajitwisha mzigo wake na kuwaita watoto wengine. Alikuwa ameshafika kwenye njia ya kutokea shambani mama mkwe alipomwona.

Mama hakupaza sauti. Alimshika mkono, akamrudisha mpaka nyuma ya nyumba, penye vijiti.

"Ndosi, chumba hiki unamjengea nani?"

"Dada na watoto wake, mama."

"Umemwambia?"

Ndosi akatazama vijiti vyake.

"Tangu asubuhi unaongea na fimbo," mama akasema. "Dada yako anachojua ni kwamba amewabana." Kisha akamgeukia wifi. "Tua mzigo, mwanangu. Chagua mlango wako utazame wapi."

Wifi alisimama na mzigo wake, machozi yakimlengalenga. Ndosi akamsogelea, akamtua ule mzigo na kumwambia, "Nisamehe, dada. Usiondoke."

Wifi akatazama huku na huku. Mwishowe akanyoosha kidole kwenye jiwe langu la kusagia.

"Utazame pale anaposagia mke wa kaka," akasema, "ili tukifanya kazi tuongee."

Ndosi akang'oa vijiti vyake vyote, akaanza upya, safari hii dada yake akimwelekeza.

Majirani walikuja na miti na kamba za migomba. Mimi na wifi tulikanyaga udongo, watoto wakatuletea kinyesi cha ng'ombe cha kuchanganyia, kingine wakapakana wenyewe. Mahali paa la mviringo lilipokutana na lile jipya palimsumbua sana Ndosi. Mvua ya kwanza iliponyesha, alikuwa amesimama papo hapo akijisifia kazi yake mbele ya jirani, na maji yote yakamwagika kichwani mwake. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu afiwe, hatukuwa tumemsikia akicheka.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa katika chumba hicho, na mikono ya wifi ndiyo iliyompokea.

Sasa nasikia nawe unataka kuongeza vyumba, ndugu zako waje kukaa nawe. Vizuri sana. Lakini kabla hujaita fundi, kaa na hao ndugu. Waambie kwa mdomo wako kwamba unawataka, usiwaache wakisie kwa kuitazama sura yako. Waulize watapenda kulala wapi na kupika wapi. Mtu aliyeulizwa huingia ndani kama mwenyeji, na chumba kidogo kitamtosha.

Jenga, mwanangu, na Mungu akupe nguvu. Watakaolala humo walale kwa amani, waamke wakiwa na hamu ya kuonana.