Mikate ya Mvuke kwa Baba Mkwe

Mpishi mkuu wa hoteli niliyokuwa nafanya kazi kule Ikoma alinipigia simu. Nafasi yangu bado ilikuwa wazi, ila nirudi kabla ya wiki kwisha. Nilikuwa nimeolewa Nyanungu miezi michache tu, na tayari nilikuwa nimechoka kuulizwa ninakokwenda hata ninapokwenda chooni. Mume wangu, mtu mpole wa kukasirisha, alisema, "Mimi sina neno. Baba na mama wakikubali, nenda."

Nikaona maneno matupu hayatanisaidia. Nikaamua kuwapikia ile mikate ya mvuke ya Kichina niliyojifunza hotelini, waonje wenyewe wajue mkono wangu una kazi yake. Nikakanda unga wa ngano kwa hamira, sukari kidogo na maji ya uvuguvugu, nikauacha karibu na jiko mpaka ukaumuka. Chombo cha mvuke sikuwa nacho. Nikapanga vijiti ndani ya sufuria juu ya maji, nikatandika jani la mgomba, nikaweka madonge na kufunika.

Mama mkwe alifunua kabla ya wakati, ingawa nilimwomba asifunue. "Mbona nyeupe hivi? Hii haijaiva, mwanangu. Leta mafuta tukaange."

Nikarudisha mfuniko huku nimeuma meno. Kwa bahati ilitoka laini vilevile, na chakula akakipeleka yeye. Kwa Wakurya mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, wala hazungumzi naye. Mzee yule nilimjua kwa kikohozi chake tu. Kwa hiyo siku maisha yangu yanaamuliwa, mimi nilikuwa jikoni, nimeegemea ukuta, nimetega sikio.

Mume wangu alikuwa hata hajaanza kuniombea. "Mura, kijana wangu, hii mkate ametengeneza nani?" mzee akamuuliza.

"Mke wangu, baba."

"Tangu meno yangu yaishe mnanilowekea kila kitu kwenye chai kama mtoto. Hii nimekula kavu. Awe ananipikia kila asubuhi."

Mume wangu akasema, "Sawa, baba." Habari ya Ikoma hakuitaja kabisa.

Nilitaka kuingia niseme mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, lakini kuupita ni kumvunjia mzee heshima, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini kwa baba yangu. Nilikuwa nimejipalia makaa. Nililia kwa hasira, na mama mkwe aliporudi na sahani tupu nikasingizia moshi.

Kesho yake niliamka na mpango. Nisipotia hamira, mikate itakuwa migumu, mzee atashindwa kuitafuna na hamu itamwisha. Nilikuwa nimeshamimina maji kwenye unga nilipomsikia ng'ambo ya ukuta akimwambia mama mkwe asogeze kiti chake mezani, na kile kikombe cha kulowekea akirudishe kabatini. Sijawahi kumchukia mtu na kumwonea huruma kwa pamoja namna ile.

Nikafungua kopo, nikatia hamira. Unga ulipokuwa unaumuka nilimpigia mpishi mkuu, nikamwambia atafute mtu mwingine.