Siku Niliyochagua Meza ya Mashine ya Maji

Siku ile karakanani tulikuwa watano: shefu, ambaye ndiye mwenye karakana, mzee mchomeleaji aliyenifundisha kazi, dereva wa lori letu, mdogo wangu wa kike, aliyeniletea chakula, na mimi. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alisikia nilichosema, na hakuna ninayeweza kumwambia kwamba alisikia vibaya.

Karakana yetu iko mtaa wa Kampemba. Tunakata vyuma kwa ajili ya watu wanaofanya kazi na migodi ya shaba. Kwa miaka mingi tulikata kwa moto wa gesi, lakini moto hupinda bamba jembamba, na wateja walikuwa wamechoka. Shefu akaamua kununua mashine inayokata kwa maji: maji yanasukumwa kwa nguvu kupitia tundu dogo pamoja na mchanga, yanapasua chuma bila joto. Muuzaji alituma karatasi za meza mbili za kulazia bamba, ndogo na kubwa. Kuchagua niliachiwa mimi.

Shefu anajua bei ya shaba kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, lakini michoro haijui. Aliniamini kwa sababu sikuwahi kumharibia kipimo. Niliacha shule ya msingi mwaka tuliomzika mama, baba akiwa ametangulia, na wadogo zangu watatu wakabaki mikononi mwangu. Nikishika bamba najua unene wake. Karatasi ndizo zilizonishinda siku zote, na hilo nililificha.

Nilitaka waone ninavyojua kazi. Mzee na dereva wakanisaidia kulaza bamba zima sakafuni, nikalizungushia chaki. Upana mita moja na nusu, urefu mita tatu. Kisha nikainua karatasi ya meza ndogo nikawaonyesha mstari wa juu: mita moja na nusu kwa mita tatu.

"Inaingia sawasawa," nikasema. "Ile kubwa ni kupoteza franka bure."

"Ee, injinia asiye na diploma!" dereva akasema. Shefu akacheka, akanipiga begani.

Mdogo wangu alikuwa ameweka sufuria ya bukari, ugali wa kwetu, juu ya benchi. Yeye alimaliza shule ya ufundi. Mimi, mkubwa wake, yaya kama anavyoniita, ndiye niliyemlipia. Shefu alikwisha kumwahidi kwamba mashine ikifika, yeye ndiye atakayechora kwenye kompyuta. Alisogea, akasoma, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Yaya, hii ya juu ni ya beseni ya maji yote, kwa inje. Kwenye kichwa ya mashine inafika kukata ni hii ya chini. Mita moja na santimita thelathini, kwa mita mbili na nusu. Bamba yetu haitaenea."

Nilitazama pale kidole chake kilipokuwa. Nikaona. Nataka hili lieleweke: sikukosea kwa kutojua. Nilijua kabla hajaondoa kidole.

"Weye, nani alikulipiaka masomo?" nikasema. "Leo unakuya kunifundisha mbele ya batu? Enda nyumbani."

"Karatasi haikataki chuma, mutoto!" dereva akaongeza, na wote wakacheka isipokuwa mzee, ambaye aliguna tu.

Kwetu mdogo hamkosoi mkubwa wake mbele ya watu, hasa mkubwa aliyesimama mahali pa wazazi. Akageuka kwenda. Sufuria aliiacha, kwa sababu nilikuwa sijala.

Alipotoka, shefu akatikisa kichwa. "Mutoto anabisha yaya yake vile, kesho atanibisha miye."

Neno moja langu lingetosha wakati ule. Nilifunua sufuria nikala. Kazi ya kompyuta alipewa mtu mwingine.

Meza ilifika baada ya miezi kadhaa. Bamba la kwanza lilikalia kingo za beseni pande zote, na kichwa cha mashine kikasimama kabla ya kufika mwisho wa bamba. Shefu aliniuliza kulikoni.

"Batu ba kule wametubadilishia," nikajibu. Akawatukana wauzaji wiki nzima.

Tangu hapo kila bamba zima linakatwa vipande kwa gesi kwanza, ndipo liingie kwenye mashine tuliyonunua ili tuachane na gesi. Kazi hiyo naifanya mwenyewe. Sijamwachia mtu hata siku moja. Nafika kabla ya wote. Nilidhani kujituma kungenipunguzia aibu. Kumenipatia sifa tu, na sifa zimezidi kunielemea.

Mdogo wangu anauza madaftari na kalamu sokoni. Tunaishi pamoja mtaa wa Ruashi, katika nyumba tunayoijenga chumba kimoja kimoja. Hajawahi kunikumbusha siku ile. Chakula bado ananitengea mimi kwanza.

Hivi karibuni shefu alitangaza kwamba anauza meza ndogo na kuchukua kubwa. Mtu wa kompyuta naye ameondoka, amepata kazi mji wa Kolwezi.

"Chagua weye," shefu akaniambia, akinipa karatasi za meza kubwa za namna mbalimbali. "Safari hii basitudanganye tena."

Jumapili, baada ya ibada, nilimwekea mdogo wangu karatasi zile mezani. Alisoma zote, hata maandishi madogo. Akaniuliza mlango wa karakana una upana gani, na bamba tunaliingiza kwa upande upi. Kisha akaandika: eneo la kukata mita mbili kwa nne, na nafasi ya kupita watu pande zote.

"Yaya," akasema akinipa karatasi, "sasa umwambie shefu ni nani alisoma."

"Nitamwambia."

Kesho yake shefu aliitazama karatasi, akamwita mzee aje aone. "Unaona huyu? Hana diploma, lakini iko na kichwa!"

Nikasema, "Asante, shefu."

Jioni mdogo wangu aliniuliza kabla sijavua viatu. "Alisema nini?"

"Alikuwa na wageni. Sikupata nafasi."

Alinitazama kidogo, akarudi kupanga madaftari yake.

Meza imekwisha kuagizwa. Shefu amesema mwisho wa mwezi atatafuta mtu wa kompyuta. Ninachodaiwa ni maneno machache tu, na kila asubuhi ninapowasha gesi shefu anapita mbele yangu, ananisalimia, nami namwitikia. Bado sijamwambia.